Mtumbwi Mwepesi wa Shemeji Amisi

Nakumbuka ile asubuhi komite ya mashindano iliposhuka ukingoni hapa Nyangwe na kututangazia kwamba kamba ya kupimia mitumbwi imewekwa kando. Tangu siku za babu zetu, mtumbwi wa kushindana kwenye maji makali haukupungua pima nne kwa urefu, na kitako chake kilikuwa na unene wa vidole vitatu. Miti mikubwa imekwenda mbali, walisema, na wenye magogo madogo nao wapate nafasi. Tangu siku hiyo kila mtu achonge apendavyo.

Juzi, mwanangu, ulinionyesha ndani ya simu yako mitumbwi ya Wazungu, mifupi, inageuka kati ya miti ya mashindano kama samaki. Ukaniambia huko nako kanuni zimebadilishwa, urefu umepunguzwa, na wewe unataka kuchonga ya namna hiyo. Nilikurudishia simu, ukadhani nimechukia. Sikuchukia. Nilikuwa nimemkumbuka mtu.

Amisi alikuwa mume wa dada yangu Zaina, dada pekee niliyekuwa naye. Mvuvi, mtu wa kucheka, aliyelijua kila jiwe la mto Lualaba. Mashindano yetu yalikuwa hivi: miti miwili miwili ilisimikwa kati ya mawe, nawe upite katikati bila kuigusa, mahali pengine ukishuka na maji, mahali pengine ukigeuka kupanda. Tulikubaliana mimi nichonge, yeye apige kafi.

Nilichonga mtumbwi wa pima tatu. Nikaukwangua kwa tezo hadi ukiugonga kwa kidole unalia kama ngoma. Watu walitoka hata Kasongo kuja kuutazama, na mimi nilizunguka zunguka pale nijionyeshe. Sifa hulewesha, mwanangu, na mlevi wake hajijui.

Fundi Asumani, aliyenifundisha kazi, alikuja naye. Alipitisha kiganja tumboni mwa mtumbwi, taratibu.

"Mutoto, hii iko nyepesi sana," akasema.

"Baba, sheria imebadilika."

"Sheria ni ya watu. Mto haukuitwa mu ile mukutano."

Nilicheka. Ndiyo, nilimcheka mzee yule mbele ya watu, naye akaokota fimbo yake akaenda zake.

Siku mbili kabla ya mashindano jua liliupasua mtumbwi. Ufa mwembamba, urefu wa kiganja, karibu na omo, mbele ya mtumbwi. Niliuona mimi peke yangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, mwanangu, lakini niliuziba ili usionekane. Nilijaza ulimbo wa mti, nikapaka mafuta ya mawese juu yake, ukang'aa. Ningemwambia Amisi, angechukua mtumbwi wake wa zamani wa kuvulia, mzito kama ng'ombe, na zile sifa zote zingekwisha. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine ya kukupa.

Asubuhi ya mashindano Amisi alishika ukingo wa mtumbwi akaniuliza, "Shemeji, iko muzima?"

"Iko muzima. Nenda."

Alipita miti ya kwanza vizuri mno. Akapita ya pili, watu wakapiga kelele za furaha. Kwenye miti ya tatu aligeuka kupanda, na omo ikagusa jiwe. Iligusa tu. Mtumbwi wa zamani ungepata mkwaruzo. Ule wangu ulifunguka tangu omo hadi katikati, maji yakaingia, tukaona kafi ikielea. Amisi hatukumwona. Alipatikana kesho yake, chini kwenye mitego ya samaki.

Msibani kila mtu alisema jiwe limemuua. Nami nikasema jiwe. Zaina alipomaliza eda alihamia kwa shangazi yetu kule Wamaza, mbali na mto mkubwa.

Miaka saba ikapita. Kisha mchuuzi mmoja wa Kabambare akaniletea neno kutoka kwa shangazi: dada yako anakonda, wachumba wote anawakataa, njoo uzungumze naye. Nikaenda. Nilikwenda kumfariji, mwanangu, usidhani nilikwenda kutubu.

Nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia yale maneno tunayoambiana, kwamba ni kazi ya Mungu, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Akaendelea kutwanga, kisha akasema bila kunitazama:

"Kaka, miye ndiye nilimuua. Ile asubuhi tuligombana. Nilimwambia aende asirudi. Alienda na moyo muzito, ndiyo maana mukono wake ulikosea."

Miaka saba alikuwa akiubeba mzigo huo, nao ulikuwa wangu.

Nilimwambia yote pale pale: ufa, ulimbo, mafuta, "iko muzima". Mchi ukasimama mkononi mwake.

"Neno moja tu, Kaka," akasema. "Ungenipa neno moja tu."

Hakulia, hakunitukana. Alinipa maji ya kuoga, akanipikia ile sombe, na asubuhi akanisindikiza hadi njiani kama desturi. Baadaye alinitumia salamu kwamba amenisamehe. Akaanza kula vizuri, shangazi alisema, lakini hakuolewa tena wala hakurudi Nyangwe. Alipofariki ilikuwa masika. Pikipiki ilinasa kwenye matope mara nne, na nilipofika Wamaza walikuwa wamekwisha kuzika. Niliwakuta wanaosha majembe.

Basi chonga, mwanangu. Chonga mfupi, chonga mwepesi, kanuni mpya si dhambi, na mimi si mzee wa kukuzuia kila kipya. Ila ujue kanuni inakuambia mwisho wa ruhusa tu. Haikuambii kama mtu atarudi nyumbani. Hilo uliulize jiwe, uliulize gogo lenyewe, uwaulize waliozeeka majini, wala usiwacheke. Ukiona ufa, mwambie siku hiyo hiyo yule atakayeketi ndani, hata kama watu wote wamekwisha kukusifu. Na likikupata baya, sema. Mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini kabla hakijamwumbua, kosa alilolificha hulala begani mwa mtu asiye na hatia, na mtu huyo aweza kuwa ndiye umpendaye.

Mungu aupe mkono wako ustadi na ulimi wako ujasiri. Kila utakayemkalisha kwenye kazi yako, maji yamrudishe kwa wanaomngoja. Amina.