Kucha Tatu za Baba

Kila nikipita mbele ya saluni za Bukoto, harufu ya rangi ya kucha hunirudisha kwenye kambi ya polisi tulikoishi, kwenye mkono wa kulia wa baba yangu.

Baba alikuwa polisi. Alikuwa akijifunza kipande cha gita cha klasiki ili kidole chake cha pete, kile kizembe, kipate nguvu, na kila mara alikwama katikati ya kipande hicho. Mimi ndiye niliyempaka kucha tatu alizozifuga rangi inayong'aa kama maji, zisivunjike kwenye nyuzi.

"Baba, mbona mkono mmoja tu?"

"Wa kushoto unatafuta. Huu ndio unaosema."

Lakini kila Ijumaa kulikuwa na gwaride, na afande alikagua kucha. Baba alizikata, na jioni gita lilisikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Tukaanza upya.

Ijumaa moja alirudi jasho likimtiririka, buti nyekundu kwa vumbi. Wakubwa wake walikuwa wamemkimbiza uwanja mzima, akiwa ameinua bunduki juu ya kichwa. Nikamshika mkono, nikahesabu. Kucha zote tatu zilikuwepo, hazijakatwa.

"Wamekupa adhabu, baba?"

"Wewe sikiliza," akasema, akachukua gita na kukipiga kile kipande mpaka mwisho.