Ala Mpya na Mikono ya Mzee Sebastiani

Siku ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana alinikabidhi aproni, sindano mbili nene na kisu kisicho na ala. Karakana yetu ilikuwa Lidcombe, kitongoji cha jiji letu, karibu na reli, na tulitengeneza visu vya wapishi na wawindaji. Mimi nilitoka Uvira, nyumbani kwangu sasa ni Liverpool, kitongoji kingine cha jiji hilohilo, na kushona ngozi nilijifunza kwa baba yangu, fundi viatu. Msimamizi alikuwa Mkenya, Wanjiku, naye alifurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili.

"Mama Rehema," aliniambia, "hapa usishone kama unashona kiatu. Ala ikikosewa, kisu kinaharibikia humo humo ndani hata kabla hakijakata kitu."

Alisema kweli. Ngozi ni laini kwa bapa, yaani ubavu wa kisu, lakini hunywa unyevu na kuushika. Plastiki ngumu hainywi maji, ila mchanga kidogo ukiingia humo, kila ukichomoa kisu unaongeza mikwaruzo. Mbao nazo huchaguliwa: laini, kavu, zisizo na utomvu. Na ndani ya ala ya ngozi, upande wa makali, tulishonea ukanda mnene ili makali yasikate uzi.

Nilikaa meza ya ngozi miaka mingi, nikahamishiwa ya mbao, hatimaye ukaguzi, ambako visu vilivyorudishwa na wateja vilipitia mikononi mwangu.

Mnoaji wetu alikuwa Mzee Sebastiani, Mrundi, aliyekuwa hapo kabla yetu sote. Mwaka mmoja visu vyake vikaanza kurudi: vimekuwa butu, bapa zina madoa. Meneja hakuwa mtu mbaya, lakini alianza kuitazama mikono ya mzee. Nikamsikia akimwambia Wanjiku, "Labda tumwombe apumzike."

Mzee naye alikuwa amekwisha kusikia. Mchana alikuja kukaa nami nje, chakula chake hakukigusa.

"Mama Rehema, usinifiche. Nanoa vibaya?"

"Sijaona hivyo, Mzee."

"Na mimi sioni. Ndiyo inanitisha. Kama mikono inakufa na mwenyewe sijui, je?"

Nilimwendea Wanjiku, naye akamwomba meneja atupe muda kidogo.

Mzee alinoa visu viwili vya namna moja mbele yetu, vyote vikapita kwenye karatasi bila kukwama. Kimoja tulikifunga kwa karatasi yenye mafuta. Kingine tulikitia katika ala mpya, mojawapo ya zile ambazo kampuni ilikuwa imeanza kuziagiza zimeshonwa tayari, ili kuharakisha kazi. Tukavifungia kabatini.

Tulipovitoa wiki chache baadaye, cha karatasi kilikata vilevile. Cha ala kilikuwa na madoa meusi, na makali yake yameliwa na kutu. Meneja mwenyewe aliipasua ile ala. Ukanda wa ndani haukuwepo. Akaigusa ngozi kwa ulimi, akakunja uso.

"Chumvi tupu," alisema. Dawa za chumvi za kutengenezea ngozi hazikuoshwa zikatoka, zikawa zinavuta unyevu na kukila kile chuma.

Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la kunolea. "Sebastiani, nilianza kukutilia shaka. Nisamehe."

Mzee aliitikia kwa kichwa tu, akaenda bombani kunawa uso. Alikawia huko. Aliporudi alipita karibu na meza yangu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mizima, mama. Mikono ni mizima."

Tulirudia kushona ala wenyewe. Mzee alinoa mpaka siku aliyoichagua mwenyewe, mkewe alipougua naye akataka kuwa karibu naye. Aliondoka akicheka, akiwapa mkono watu wote, hata wa ofisini.

Mimi nilistaafu kwa sababu ya bega. Lilikuwa limechoka kweli, daktari wa hospitali ya Westmead alithibitisha, na sikulalamika. Lakini ninyi mnaokuja nyuma yetu, wengi wenu mtasimamia watu. Kazi ikiharibika, macho hukimbilia haraka kwa aliyezeeka. Chunguzeni kwanza. Mtu akishaanza kuiogopa mikono yake mwenyewe, si rahisi kumrudishia imani.