Maksai Walionipimia Hoteli

Tangu nimalize shule ya jioni sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa karani wa stoo ya mahindi karibu na stesheni ya Sisibo, kama tulivyouita mji wa Eldoret enzi za masetla, na kila asubuhi niliona wapakiaji mia saba (haya, labda walikuwa arobaini) wakipiga miayo ya njaa. Hakuna aliyewauzia chai. Nilitaka kufungua hoteli hata kabla jua halijatua. Kibali nilikuwa nacho. Masufuria, mbao na mabati sikuwa navyo.

Mtu wa kunisaidia alikuwa mmoja tu: mzee mwenyeji aliyeendesha magari ya ng'ombe ya Makaburu miaka mingi, kisha akajipatia mifugo yake upande wa Kesses. Aliwahi kumwanzishia fundi duka la viatu, na mama mmoja biashara ya maziwa, kwa kugawana faida. Lakini barua za maombi hakuzijali. Yangu, kurasa sita za Kiingereza, aliitumia kufunikia kibuyu.

"Unajua kulima na ng'ombe?" akaniuliza.

"Mzee, mimi nilizaliwa nimeshika plau!"

Nilizaliwa nimeshika hewa. Kwetu magharibi tulilima kwa jembe la mkono.

Akanionyesha maksai wawili, mweusi na wa madoa, akaketi kwenye kigogo. "Lima mistari mitatu. Mimi natazama."

Nikawafunga nira. Mweusi akaangalia Uganda, wa madoa akaangalia Nairobi. Nikawabembeleza, nikawaimbia, nikawazunguka mpaka nikashikwa na kizunguzungu. Walipokubali kutembea, tuliingia moja kwa moja kwenye mahindi. Mke wa mzee akatoka jikoni mbio.

"Wewe karani! Hayo mahindi tutakula sisi ama umepandiwa wewe?"

Fimbo ilikuwa imechomekwa kwenye plau. Nikaishika. Nikamwona mzee ameinama mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza treni ikija. Hoteli yangu ilikuwa inaondoka hivyo, nikiitazama. Miguu ilitaka kukimbia hadi mjini bila kugusa chini. Mdomo ulitaka kusema maksai wanaumwa. Nikaitupa fimbo.

"Mzee, nimekudanganya! Sijawahi kushika plau hata siku moja. Nimekosea wapi?"

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Umewabadilisha pande. Huyu mweusi tangu afundishwe hutembea kulia. Mwenye kuja juzi kuomba kama wewe aliwapiga mpaka saa kumi, akaniambia ng'ombe zangu ni wagonjwa. Na barua yake ilikuwa nzuri kushinda yako."

"Sasa nimeanguka mtihani?"

"Hoteli itakushinda siku moja. Mimi nataka mtu atakuja kuniambia ikiwa bado mapema."

Mistari yangu mitatu ilipinda kama matumbo ya mbuzi, lakini mabati yalifika Jumatatu kwa gari la ng'ombe.

Baadaye kila siku ya soko mzee aliketi karibu na mlango wa hoteli. Faida hakuanza nayo kamwe. "Nini imeharibika?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Nami nikataja: kuni ni mbichi, mpishi amelewa, sisimizi wameingia kwenye sukari. Siku moja, wateja wakiwa wamejaa hadi juu ya paa, nikamjibu kwa mbwembwe, "Mzee, leo hakuna kilichoharibika!"

Akaweka kikombe chini kabla ya kumaliza chai, akainuka, akaenda jikoni kujitafutia mwenyewe.