Sura ya Fundi Kwenye Satini ya Harusi

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Rangi anainua bamba la mashine ya joto, anabandua karatasi ya nakshi, kisha anainama kutazama. Mvuke unampiga usoni wala hasogei.

Kwenye satini nyeupe, katikati ya maua ya waridi, kuna uso wa mwanamume. Umefifia, lakini masharubu yanaonekana, na hata pengo la jino la mbele.

"Ni yeye," anasema kwa sauti ndogo. "Ni fundi wangu."

Mwandishi wa makala haya alikuja kumwona mama wa miaka arobaini na saba anayesifiwa mtaa mzima kwa mkono usiokosea. Badala yake amesisimka mwili mzima, na hajui aangalie wapi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Nakshi huchapwa kwanza kwenye karatasi, nayo hulazwa juu ya kitambaa cha poliesta. Bamba lenye joto la nyuzi mia mbili hushuka kwa sekunde arobaini na tano, rangi hugeuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Ikiingia imeingia, haitoki kwa sabuni wala kwa dua.

Ndiyo maana chini ya kila kitambaa hutandikwa karatasi ya kinga. Bila hiyo, rangi hupenya hadi kwenye godoro la mashine, ule mto laini ulio chini ya bamba, na kitambaa kinachofuata huivuta.

"Mwaka wa kwanza fundi wangu hakunifundisha rangi hata moja. Ni karatasi, karatasi," anasema. "Nikamwambia, baba, mimi si kasuku. Akasema heri ungekuwa kasuku, ungekumbuka."

Fundi huyo alifariki juzi. Jana familia yake ilileta picha, na Mama Rangi, mwanafunzi wake, ndiye aliyechapa fulana arobaini za msiba.

"Ile ya mwisho sikuiona vizuri, machozi. Miaka kumi na tisa sijasahau karatasi, nikaja kusahau kwake yeye, na leo asubuhi tena."

Bibi harusi anakuja saa nne kuchukua kitambaa. Mshonaji anamsubiri, harusi ni kesho kutwa. Mwenye karakana, mtu mpole asiyependa lawama, anashauri kipande chenye sura kikunjwe ndani ya bunda.

"Mshonaji atakifunua, bosi. Afadhali niaibike mimi leo kuliko binti wa watu mbele ya wageni."

Binti anafika, Mama Rangi anamfunulia bila utangulizi. Binti anarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni.

"Huyu nani?"

"Aliyenifundisha kazi, mwanangu. Anazikwa leo saa nane. Kosa ni langu."

"Pole sana, mama. Lakini siwezi kuvaa marehemu."

"Wala sikuombi. Nipe mpaka saa tisa."

Bosi anashtuka kuliko wote. "Na mazishi?"

"Angenifukuza makaburini. Angeniuliza, kazi ya mtu umemwachia nani?"

Bosi anakwenda kutafuta satini nyingine. Mama Rangi anabaki kusafisha godoro, na njia ni moja: kulikandamizia vitambaa chakavu mpaka rangi yote itoke.

Cha kwanza kinatoka na uso mzima. Cha pili masharubu yamepauka. Kila bamba linapoinuka, anatazama bila kupepesa, na machozi hayafuti. Cha sita kimebaki na jicho moja. Cha tisa ni cheupe.

"Haya, baba," anasema. "Pumzika."

Kile cha kwanza anakikunja na kukiweka kifuani. Ana mpango: mwezi ujao atapokea mabinti wawili wanaotaka ufundi huu, na kitambaa hicho atakitundika ukutani, juu ya mashine, wakione kabla ya kugusa chochote.

Saa nane kamili, kwingine wakishusha jeneza, anatandika karatasi ya kinga, anaipapasa mara mbili, ndipo analaza satini mpya.

"Mwaka wa kwanza," anasema, "sitawafundisha rangi hata moja."