Barua za Edith kwa Mong'ina

Machogu alizificha barua za dada yake kwa miaka sita, na kila alipoulizwa alisema hazijaja.

Dada huyo ni Mong'ina. Shule hakuiona, alibaki akichuma pareto ili Machogu asome hadi awe mwalimu. Mwaka wa 1965 alipata kazi ya kuteka maji na kupika kwa Edith, mwalimu kijana kutoka Kanada aliyekuja kufundisha Kiingereza katika shule moja karibu na Ogembo. Jioni, madaftari ya wanafunzi yakishasahihishwa, Edith alimfundisha na yeye, kwa mdomo tu, wakimenya ndizi. Kwa kila neno alilopewa, Mong'ina alirudisha la Ekegusii, lugha ya kwao.

Edith alimweleza kwamba kwao mto huganda hata watu wakatembea juu yake, na kwamba yuko mnyama aitwaye dubu, hulala msimu mzima wa baridi bila kula.

"Na shamba lake hulimwa na nani?" Mong'ina aliuliza. Edith alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Naye Mong'ina akamfundisha kumwaga jivu mlangoni siafu wakija, na kula kumbikumbi wangali moto. Siku moja mvua ya mawe ilipopiga, alijifunika gunia, akaokota barafu sufuria nzima, akamwekea mapajani.

"Ya kwenu hii, Mwalimu."

Edith alizishika zile punje mpaka zikayeyuka, machozi yakimtoka. Mong'ina alikaa karibu naye.

Edith alirudi kwao mwishoni mwa 1968. Aliahidi kuandika. Mong'ina hakuwa na sanduku la posta, na nyumbani kwao barua zote zilipitia sanduku la shule ya Machogu huko Itumbe. Yeye ndiye aliyezichukua, yeye ndiye aliyewasomea wote. Mong'ina aliuliza mwaka wa kwanza, aliuliza wa pili. Baadaye akaacha kuuliza, akiamini amesahauliwa.

Mwaka wa 1974 alikuwa akiuza ndizi sokoni pale Persis, binti wa jirani aliyesoma kwa Machogu, aliposimama kumsaidia kupanga mafungu. Msichana huyo akaanza kusimulia habari za dubu aliyeingia jikoni kwa mwanamke mmoja na kula asali. Mong'ina akamuuliza amezitoa wapi.

"Mwalimu Machogu hutusomea barua darasani, tujifunze Kiingereza. Mzungu anamwandikia msichana, anamuuliza kama kumbikumbi wameruka mwaka huu. Na huyo msichana ana jina kama lako, mama. Mwalimu alisema ni wa kubuniwa tu."

Mong'ina aliziacha ndizi kwa Persis, akatembea hadi Itumbe. Machogu hakukana. Alisema zilikuwa barua nzuri, na wanafunzi wake hawakuwa na vitabu.

"Wewe ungezifanyia nini? Hujui kusoma."

"Ungenisomea," Mong'ina alisema.

Machogu alimpa bahasha kumi na moja, kingo zimechakaa kwa kushikwashikwa na watoto. Katika ya mwisho, Persis alimwambia baadaye, Edith aliuliza amemkosea nini Mong'ina hata asijibiwe, kisha akaaga.

Bahasha ziko kwa Mong'ina. Anamdai Machogu aje kuketi na kumsomea zote, moja baada ya nyingine, kwa Ekegusii. Na anamdai amwandikie Edith, kwa mkono wake na kwa jina lake, kwamba aliyenyamaza si Mong'ina. Machogu hajaja.