Waya wa Bibi Orpha

Kendra alikuwa ameapa, na kwa kuwa ukaidi aliurithi kwa bibi yake mzaa mama, hakuna aliyejisumbua kumbembeleza. Asingepanda ndege ya kwenda Bolivia mpaka bibi huyo, Orpha, avuke daraja kwa miguu yake mwenyewe.

Daraja hilo alilitundika yeye na mjomba wake Delmar, likizo ya Pasaka yote, juu ya mto unaopita mbele ya nyumba. Lile la zamani lilichukuliwa na mafuriko. Tangu hapo Bibi Orpha na mdogo wake Vesta, anayekaa ng'ambo, walikuwa wakiongea kwa kupigiana kelele, kila mmoja barazani kwake, na bonde zima likajua siri zao.

Sasa chuo kilikuwa kimemchagua Kendra aende na wanafunzi wenzake wa uhandisi, kiangazi chote, kuwatundikia watu wa kijiji kimoja cha milimani daraja kama hilo. Wenzake wengi madaraja ya kuning'inia waliyaona kwenye picha tu. Yeye, mtoto wa milima ya Kentucky, Marekani, alijifunzia kutembea juu yake. Tumaini lake lilikuwa moja tu: kwamba akishaondoka, watu wale wavuke kila siku bila hata kumkumbuka. Lakini angewaambiaje wageni walitegemee daraja lake, ikiwa bibi yake mwenyewe hajalikanyaga?

Jumapili, wametoka kanisani na kesho yake ndiyo safari, wakasimama wote watatu pale ukingoni. Bibi Orpha alikuwa na pai ya tufaha ndani ya kikapu, ya Vesta.

"Haya Mama, vuka, maharage yanapoa," Delmar alisema. "Au tukuletee kiti tukubebe kama malkia?"

"Nyamaza wewe! Nilikuwa nakuvusha hapa na nepi yako, unalia kama mbuzi."

Akakanyaga ubao wa kwanza, akakanyaga wa pili. Akanyoosha mkono kushika waya wa pembeni. Akasimama kidogo, kisha akarudi kinyumenyume.

"Zuri sana, mjukuu wangu," alisema. "Zuri mno. Nitavuka siku nyingine."

"Orpha!" Vesta alipiga kelele ng'ambo. "Unaogopa nini na uzee wote huo? Leta pai yangu!"

"Njoo uifuate mwenyewe!"

Delmar alimnong'oneza Kendra kuwa huo ni uzee tu, aende zake salama. Mwingine angekubali, na kama ningekuwa mimi ningenuna mpaka Bolivia. Binti huyu hakununa.

"Bibi, hebu rudi tena. Hatua mbili tu, nikuangalie."

Mara hii hakumwangalia usoni, aliuangalia mkono. Mkono ulipanda, ukapanda tena, mpaka usawa wa sikio, kama wa mtu anayeanika nguo. Kendra ni yule msichana ambaye shuleni, kwa urefu wake, walimweka chini ya goli la mpira wa kikapu, na Delmar hujigonga kichwa kwenye milango ya watu. Waya wa kushikia waliupima wao wawili, usawa wa mbavu zao, wakaona uko sawa kabisa.

"Bibi! Mbona hukusema?"

"Umelijenga kwa furaha hivyo, nianze kukukosoa na kesho unaondoka? Nikadhani ni mimi nimefupika."

Kendra alicheka huku machozi yanamtoka, akamkumbatia pamoja na kikapu chake. Kisha akaenda kuchukua spana. Walilegeza nati zote, wakaushusha waya pande zote mbili hadi usawa wa kiwiko cha Bibi, wakakaza upya, Delmar akilalamikia njaa na Vesta akilalamikia pai. Maharage yalipoa, mkate wa mahindi ukakauka.

Bibi Orpha alivuka bila kuangalia chini. Katikati alisimama akalitikisa daraja makusudi, Vesta akapiga yowe. Walipokutana walishikana muda mrefu, halafu wakaanza kugombana kuhusu sukari ya pai.

Jioni Kendra alimsimamisha bibi yake mlangoni, akapima kwa uzi kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, akaukata.

"Wa nini huo?"

"Naenda nao. Huko, kabla sijakaza hata nati moja, nitauliza bibi mfupi kuliko wote kijijini ni nani. Huyo ndiye nitakayempima."

"Na ukimkuta mfupi kuliko mimi?"

"Nitaukata uzi, Bibi."

Bibi Orpha aliuchukua ule uzi, akaukunja vizuri, akautia mwenyewe ndani ya begi, chini ya soksi.

"Basi ukate," alisema. "Usimwache arudi kinyumenyume."