Namba ya Cherehani ya Babu

Babu yangu alikuwa fundi cherehani pale Magarama, mtaa wa Gitega. Alipofariki aliacha watoto watatu na mashine moja. Baba mkubwa alitaka ibaki Gitega. Shangazi, aliyeolewa Muyinga, aliitaka kwake. Baba yangu alitaka watu wasigombane tu.

Ndipo baba mkubwa akaleta shauri ambalo hadi leo sijui alilitoa wapi. Ubavuni pa mashine palikuwa pamechongwa namba: 73939133. "Bon," akasema, "sisi tuko watatu. Kama hiyo namba inagawanyika kwa tatu, tunagawa mashine. Ikikataa, inabaki hapa."

Wote wakanigeukia, maana ninafundisha hesabu sekondari. Nikajumlisha tarakimu, nikapata thelathini na nane. "Haigawanyiki," nikasema.

Lakini namba ile ilinikaa kichwani. Jumamosi na Jumapili nilishinda na daftari na kikokotoo, nikiijaribu kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, hadi nikapita elfu nane. Haikugawanyika kwa chochote. Nikarudi mbio kuwaambia kwamba ni namba tasa.

"Tasa?" Shangazi akasimama. "Mashine iliyovalisha mji mzima, we unaiita tasa?"

Akaenda kwa fundi baiskeli, akaazima tupa, akaisugua tarakimu ya mwisho hadi ikafutika. "Hesabu tena."

"Bado, shangazi."

Akasugua nyingine. Baba mkubwa alitazama mikono ikiwa nyuma. Sharti lake halikutaja tupa. 739391. 73939. 7393. Kila nilipopiga hesabu niliona namba haikukataa tatu peke yake, ilikataa kila kitu. 739. 73. Sijawahi kuona namba ikikatwa mkia mara saba na kila mara ikabaki tasa. Nilitamani mtu wa kushangaa naye, lakini pale walikuwepo wenye mashine tu.

Ikabaki 7. Shangazi akaitupa tupa chini, akalia. Halafu akajifuta kwa kitenge, akaokota msumari na kukwaruza 2 pembeni yake.

"Sabini na mbili. Hesabu."

"Kila mtu ishirini na nne," nikasema.

Baba mkubwa akakuna kichwa, akakubali.

"Lakini shangazi," nikamwambia, "ungeongeza moja tu mwishoni tangu mwanzo, ingegawanyika bila kusugua."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza kama inagawanyika. Hamkuniuliza ifanyweje."

Siku ileile wakaifungua kwa bisibisi: shangazi akachukua kichwa, baba mkubwa meza, baba akapewa pedali na gurudumu lake.

Mwezi uliopita nilikwenda Muyinga kumsalimia. Kichwa kiko sebuleni juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Yeye alikuwa ameketi mlangoni, anashona sare ya mjukuu wake kwa mkono. Nikamuuliza kwa nini asimwombe kaka yake ile meza.

"Anakula chakula juu yake kila siku," akasema. "Mi niende kumwondolea sahani?"

Akaninyooshea sindano nimtungie uzi, kwa kuwa siku hizi macho yake hayalioni tundu.